Mkwezi Juu ya Jiwe la Mbega

Tangu nirudi, kila nikipita kijiweni naulizwa lile lile: "Twaha, ni kweli ulikitoa kijiji kizima shambani?" Ni kweli. Ila habari imeshatiwa chumvi mpaka haiingii kinywani. Juzi mtu ameniomba nimwonyeshe jeraha la panga. Hakuna panga. Kwa hiyo nimeazima daftari la mdogo wangu, nimekaa barazani kwetu, nawaandikia mwenyewe mambo yalivyokwenda. Msicheke mwandiko. Shule niliishia kidato cha pili. Vidato nilivyovimaliza vyote ni vya minazi.

Kigombe: kamba yaingia kwenye mazungumzo

Masika yalikuwa yamekatika, kila kitu kijani, wakaingia kwetu asubuhi wanawake wawili wenye mabegi mgongoni. Mmoja ni Dada Ester, mzaliwa wa milimani, kazi yake kuongoza watu wanaopenda kutembea porini na kupanda miamba. Mfupi, lakini ana mikono ya mvuta makasia. Wa pili ni Mwalimu Halima, anafundisha shule ya msingi huko Usagara, mjini. Kumbe mvua ikikatika, kutoka dirisha la darasa lake anaiona milima ya Usambara, na miaka yote amekuwa akiwanyooshea watoto chaki, "Ile pale," na hajawahi kuikanyaga.

"Nimechoka kuwaonyesha watoto kitu nisichokijua," alituambia. "Nataka nitoke hapa na miguu ya chumvi, nifike kule na miguu ya matope."

Walitaka madafu kabla ya kuanza safari. Nikafunga kitanzi changu cha kamba miguuni, nikaushika mnazi wa uani, na kabla ya kupanda nikaita kama baba alivyonifundisha: "Mkwezi juuu! Walio uani wajisitiriii!" Mara tatu, halafu nikasubiri.

Ninyi mnajua kwa nini, lakini daftari linaweza kufika kwa mtu wa mbali, basi nieleze. Mkwezi akiwa juu anaona nyua za watu wote: anayeoga, anayesuka nywele, anayelia peke yake. Kwa hiyo huita kwanza, na mguu hauinuki mpaka mtu amjibu, "Haya, panda!" Mkwezi asiyeita hapewi mnazi Kigombe nzima.

Baba akajibu, kama kawaida yake. Mama akaingia jikoni, kama kawaida yake.

Mama hajanitazama nikiwa juu tangu siku baba alipoanguka. Baba alipona. Anatembea na mkongojo, na mdomo wake haukuvunjika hata kidogo. Lakini mama siku ile alikuwa uani, aliona kwa macho yake. Tangu hapo, nikifunga kitanzi tu, anakumbuka ana kitu jikoni cha kukoroga. Nikishuka anatoka, ananitazama kuanzia utosini mpaka vidoleni, halafu anasema, "Haya, nawa ule." Hajawahi kuniambia niache. Angeniambia ingekuwa afadhali.

Dada Ester alikunywa dafu lake akiwa ananipima kwa macho. "Wewe kaka, jiwe unaweza kulipanda?"

"Jiwe lina makuti ya kunipiga usoni?"

"Halina."

"Basi litanishinda na nini?"

Akacheka. Akasema anatafuta mtu wa kumfundisha kazi, asiyeogopa urefu na mwenye adabu kwa wageni. Nikienda nao mpaka kijiji cha Kwembega, nikapanda Jiwe la Mbega na nikajiheshimu, atanichukua msimu mzima wa kiangazi.

"Na kule tunafungwa kamba," akaongeza.

Mwiko jikoni ukasimama. "Kamba ya nini?" mama akauliza kutoka ndani.

"Ya kiunoni, mama. Anayeteleza anabaki ananing'inia. Hafiki chini."

"Kama popo," baba akadakia. "Lakini popo mzima."

Mwiko ukaanza tena kukoroga. Halafu mama, bado hatumwoni: "Aende."

Kigombe hadi Muheza: mkonge na mbwa wanne

Mama alinifungia ngonda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwenye gazeti na nazi tatu kwenye kikapu, maana mtu haendi ugenini mikono mitupu. Dada Ester alinitazama miguu.

"Viatu viko wapi?"

"Si hivi hapa?"

"Hizo kandambili, Twaha."

"Zimenifikisha Makorora na kurudi."

Akaanza kutembea. Siku ya pili ndipo nilipomwelewa, moja ilipokatika kamba katikati ya mashamba ya mkonge, jua la saa saba, mistari ya mkonge imenyooka mpaka macho yanauma. Ngonda nazo zilikuwa zimeanza kuzungumza. Mbwa mmoja alitufuata kutoka kwenye nyumba za wafanyakazi, akawaita wenzake, wakawa wanne, wanatembea nyuma yangu kwa heshima kama wanafunzi wangu.

"Mgosi, umebeba nini, maiti?" Dada Ester akauliza.

"Zawadi."

"Ya nani, ya hawa?"

Mvua ya ghafla ilitukimbiza kwenye baraza ya mkata mkonge mmoja, Bwana Petro. Wazazi wake walikuja kutoka mbali kwa kazi hiyo, yeye kazaliwa hapo hapo. Alinishonea kandambili kwa uzi wa mkonge, mpaka leo haujakatika. Aliposikia natoka pwani akavuta kigoda.

"Bahari ikoje? Mimi nimeiona kwa mbali tu, kama bati."

Jamani, nimezaliwa mbele yake na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia, "Haina kunyamaza. Usiku, mchana, inasema tu."

"Kama mke wangu."

"Nimekusikia, Petro!" sauti ikatoka ndani, na tukaletewa uji wa moto wote isipokuwa yeye.

Muheza hadi msituni: tulipokwamishwa na mto

Baada ya Muheza njia ikaanza kuinuka. Tukafika kwenye mto uliojaa, maji mekundu yanabeba magogo, ikabidi tukae ng'ambo ya huku nusu siku nzima. Sikujutia hata dakika. Alikuwepo mama mmoja Mbondei mwenye tenga la machungwa, anayamenya ganda lote likitoka utepe mmoja bila kukatika, huku anatuhoji.

"Mwanangu, kati ya hawa mkeo ni yupi?"

"Hakuna, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hakuna? Umetembea siku tatu na wanawake wawili, na hakuna hata mmoja aliyekutaka?"

Mwalimu Halima alicheka mpaka chungwa likampalia. Maji yalipopungua tulivuka tumeshikana mikono, na yule mama akabaki ng'ambo anatupigia kelele, "Mshike vizuri, ndiye mchumba huyo!" Sikujua anamsema nani.

Msitu wa kule siwezi kuuandika vizuri. Mtu wa pwani amezoea miti inayosimama mbalimbali kama watu waliogombana. Kule imekaa kama watu kwenye harusi. Maji yanatiririka kila mahali. Ukungu unaingia mdomoni. Baridi nayo! Mwalimu Halima alinipa kanga yake nikajifunika mabegani, nikawa naona aibu mpaka tulipowakuta wanaume watatu wamejifunika vivyo hivyo, na makoti juu.

Kwembega tulipokewa na Mzee Zakayo na mkewe. Ni wao wanaotunza njia ya kwenda kwenye jiwe. Hakuna anayelipanda bila Mzee kuridhia. Salamu zao ni ndefu: watoto, shamba, afya, mvua ya huko mlikotoka, halafu mnaanza upya. Nilimkabidhi mke wake ngonda kwa mikono miwili. Akashukuru sana. Baadaye niliziona zimetundikwa kwenye mti, mbali na nyumba, mbali hata na mbuzi.

Jiwe: linavyokataa kukumbatiwa

Asubuhi ukungu ulipopanda tukaliona. Urefu wake kama minazi mitatu iliyosimama mmoja juu ya mwingine, na juu kabisa mbega wamekaa wanaota jua, mikia yao myeupe inaning'inia. Dada Ester alizunguka kwa njia ya nyuma, akaizungusha kamba kwenye miti mikubwa ya juu, akazishusha ncha zote mbili, akarudi. Upande mmoja unafungwa kwa anayepanda, upande wa pili anaushika yeye chini.

Alipoukaribisha mkanda wa kufungia kamba kiunoni mwangu nikarudi nyuma. Kamba hiyo ndiyo iliyonipatia ruhusa ya mama, lakini mbele ya Mwalimu Halima ukwezi ulinipanda kichwani. "Dada, mimi sifungwi kama mbuzi."

"Basi hupandi."

Nikafungwa.

Sasa kosa langu la kwanza. Mnazi unaukumbatia, kifua kikiwa karibu ndiyo usalama wako. Nikalivamia jiwe hivyo hivyo, tumbo limegandana nalo, na miguu ikawa inateleza kama nimekanyaga mlenda.

"Liachie kifua!" Dada Ester akapiga kelele. "Hilo si bibi yako! Jitoe, usimamie miguu!"

"Nikijitoa nitaanguka!"

"Ukilikumbatia ndiyo utaanguka!"

Na nikaanguka. Mikono ilichomoka, jiwe likapita mbele ya uso wangu, na katika ule muda mdogo nilimwona baba. Sikumwona akianguka. Nilimwona anavyovaa suruali asubuhi, anavyouinua mguu mmoja kwa mikono miwili. Halafu kamba ikakaza kiunoni, nikabaki nabembea, urefu wa mtu mmoja tu chini ya nilipokuwa. Ndege waliendelea kulia. Dada Ester alikuwa amekaa chini, miguu imejikita, ananishikilia, wala hakuonekana kusumbuka.

"Uko mzima?"

Nilikuwa nalia, nasema kweli. Nilikuwa nawaza, kumbe inawezekana. Kumbe mtu anaweza kuteleza halafu ikawa basi tu.

Nikaanza tena, kifua mbali, uzito miguuni. Jiwe likanikubali.

Sauti tatu

Minazi miwili juu kuna kibao cha jiwe cha kupumzikia. Nikasimama, nikageuka. Bonde lote liko wazi chini yangu: migomba, mabati, moshi wa majikoni, na nyua za watu. Naona mama anamwogesha mtoto kwenye beseni. Naona mzee amevua shati anajikuna mgongo kwa gunzi. Wote hawajui kama wanaonwa.

Nikaingiwa na aibu. Nimepanda bila kuita! Baba angenivunjia mkongojo. Nikakusanya mikono mdomoni: "Mkwezi juuu! Walio uani wajisitiriii!" Mara tatu, kwa sauti yote niliyopewa na Mungu, na milima ikairudia. Nikasubiri.

Jibu likaja. Kutoka kilima cha pili mtu akaita. Kisha mwingine, mbali zaidi. Kisha kengele ikagongwa. Nikasema moyoni, waungwana gani hawa, mkwezi anajibiwa na kijiji kizima! Nikawapungia mkono.

Nilipomtazama Dada Ester chini, uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Twaha," akasema taratibu, "umefanya nini?"

Kumbe kule hakuna anayepaza sauti kutoka kwenye jiwe lile ila kwa jambo moja. Sauti tatu kutoka Jiwe la Mbega maana yake mtu ameanguka, na anayezisikia anaacha alichoshika anakuja. Yaliyomo kwenye sauti hayasikilizwi. Sauti zenyewe zinatosha. Dada Ester alinisikia nikiita uani kwetu, lakini hakunionya kwa kuwa hakudhani adabu ya minazi ningeipandisha mpaka kwenye jiwe.

Watu wakatokeza kwenye migomba kutoka pande zote, matope hadi magotini. Wanne wamebeba machela. Mke wa Mzee Zakayo ana blanketi. Mama mmoja anakimbia na sufuria la makande, maana penye msiba watu watakula nini? Wakafika, wakahema, wakatazama chini ya jiwe. Hakuna maiti. Wakatazama juu. Nipo mimi, na kanga mabegani.

"Aliyeanguka yuko wapi?" Mzee Zakayo akauliza.

"Hakuna, Mzee," Dada Ester akajibu.

"Aliyeita nani?"

Nikateremshwa. Nikaeleza yote, kuanzia minazi, nyua, mpaka adabu ya ukwezi. Mwalimu Halima akanishuhudia kwamba Kigombe ndivyo ilivyo. Mama wa makande alianza kucheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Mzee hakucheka.

"Kijana, nakuamini. Lakini hapa jembe lililoachwa kwa sauti ya jiwe halirudiwi siku hiyo. Umetuvunjia siku nzima, wote hawa." Akamgeukia Dada Ester. "Na wewe mwanangu, tulikubaliana jiwe lisitusumbue. Kunja kamba zako. Wageni wasipande."

Dada Ester alikunja kamba bila kunitazama. Mwalimu Halima, aliyetembea siku nne kwa ajili ya lile jiwe, aliligusa tu kwa kiganja, kama anavyoguswa mtoto kichwani. Mimi nilitamani wa kunitukana. Hakuna aliyenitukana. Yale makande tulipewa tule, kwa kuwa yalikuwa yamekwisha kupikwa.

Pilipili manga

Sikulala vizuri. Alfajiri nilipotoka kuswali niliona kitu ambacho siku iliyopita sikukiangalia. Kule mpilipili manga unapandishwa kwenye miti mirefu, unajizungusha mpaka juu. Chini vichala vyote vilikuwa vimechumwa. Juu, ngazi zisikofika, vilikuwa vimeiva vyekundu na ndege wanajilia.

Nikamfuata Mzee Zakayo mlangoni kwake. "Mzee, siku nzima mliyoipoteza siwezi kuirudisha. Lakini naweza kufika kule juu."

Akatazama mti, akanitazama. "Kule hatufiki. Mwaka hata mwaka tunawaachia ndege."

"Nipe kikapu."

Nikafunga kitanzi changu. Kabla ya kupanda nikamwuliza kwa upole, "Mzee, niite au nisiite?"

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akakaa. "Ita, mwanangu, ita! Chini hapa hapana shida, shida ni juu ya jiwe!"

Nikaita. Na kutoka nyumba ya kwanza mwanamke akajibu, "Tumeshajisitiri tangu jana!" Bonde zima likaangua kicheko.

Nilipanda miti mpaka magoti yakawa hayana ngozi, nyumba kwa nyumba, siku hiyo na nusu ya iliyofuata. Watoto walipanga foleni waniite, "Mkwezi, na kwetu!" Dada Ester alikuja chini ya mti mmoja, akatazama muda mrefu.

"Umejifunga?" akauliza.

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimemwomba Mwalimu Halima kipande cha kamba aliyokuwa ameibeba, nimejifunga kiunoni na mtini. Sikuwa nimeambiwa na mtu. Baada ya jiwe lile, mwili wenyewe ulikataa kupanda bila kamba.

"Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta," akasema, akaondoka.

Jioni ya siku hiyo ya pili mke wa Mzee alizishusha ngonda kutoka kwenye mti. Nikamkunia nazi, yeye akatia tungule na pilipili manga mbichi, na Mzee Zakayo akarudia kula mara tatu huku anasema hapendi samaki. Baada ya kulamba kidole cha mwisho akamwambia Dada Ester, "Kesho mwalimu akapande. Na huyu naye. Ila huyu afungwe na mdomo."

Tulipanda. Mwalimu Halima alichukua asubuhi nzima, anahema, anasoma dua, anamsema Ester, anamwomba radhi. Kutoka juu tuliiona bahari, mstari mwembamba mweupe. Kama bati kweli, Bwana Petro hakukosea. Mwalimu alinyoosha kidole.

"Ile pale," akasema.

Kigombe tena: mnazi wa uani

Kurudi hakuna cha kusimulia, isipokuwa yule mama wa machungwa aliuliza kama harusi tayari.

Kazi nimepata. Naondoka mwezi ujao. Dada Ester amenipa kamba yake ya zamani nijifunzie, na siku ya pili baada ya kufika nikaitoa uani. Niliita, nikapanda kwanza kwa kitanzi kama baba, nimejifunga shinani, nikaipitisha kamba juu kwenye shina la makuti, nikashuka. Mama alikuwa jikoni anakoroga. Nilipochungulia, sufuria lilikuwa halina kitu.

"Mama, njoo unisaidie."

"Nina kazi."

"Mama."

Akatoka akijifuta mikono. Nikafunga upande mmoja kiunoni kwangu, upande wa pili nikauzungusha kwenye shina la mnazi wa pembeni ili usimwelemee, nikamkabidhi. Nikamwonyesha: nikipanda, vuta, nikiteleza, bana.

"Nikishindwa?"

"Hutashindwa. Shina linakusaidia."

"Bana tu, mama Twaha," baba akasema kutoka barazani. "Mimi ningekuwa na kamba hiyo, leo ningekuwa nacheza mpira."

Mama alijizungushia kamba kiganjani mara mbili, akakaa chini kwenye mchanga, akajikita miguu. Sikumfundisha hivyo, ni vile vile alivyokaa Dada Ester.

Nikaushika mnazi. "Mkwezi juuu! Walio uani wajisitiriii!" Mara tatu. Nikasubiri.

Baba alifungua mdomo, halafu akaufunga.

Mama alikuwa ameinua uso, anatazama mnazi wote, kuanzia shinani mpaka kwenye makuti. Akavuta kamba ikakaza.

"Haya," akasema. "Panda."